Kigingi Kilichorudi Ofisini

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Kigingi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo chetu cha uoto. Ameniomba niandike kwa ufupi na kwa kuchekesha. Ufupi nitajitahidi.

Aliajiriwa kubeba vifaa, akajisomea mpaka akawa fundi mkuu wa vipimo. Jina la utani lilitokana na kazi moja. Kila mwaka mvua zikikatika, alipanda mlima ulio nyuma ya kituo chetu cha utafiti, akatafuta mahali pa juu kabisa panapoota ua fulani dogo la zambarau, akapigilia hapo kigingi cha chuma. Mwaka uliofuata alikihamisha. Huku chini maua yalikauka kwa joto, kule juu mbegu zikaota, hatua sita au saba kwa mwaka, naye akiyafuata na daftari lake.

Dereva wetu anaapa kwamba kusafiri naye ni mtihani, maana kila jani geni ni kituo. Shemeji, mkewe, hutuambia tarehe ya harusi yao lazima amkumbushe, ila siku ya ua kuchanua haijampita hata mara moja. Mlinzi wa getini naye hajasahau alivyomzuia na kile chuma akidhani ni mwizi wa nondo. Mzee alimweleza habari za mimea saa nzima, mpaka mlinzi mwenyewe akamsihi aingie.

Sasa niseme linaloniuma. Miaka tisa iliyopita aliniletea barua, mimi nikiwa mkuu wake. Alikuwa ameona kwamba kwa joto lile lile, mahindi yaliyokuwa yakifa kwa baridi huko juu sasa yanakomaa. Wakulima wa upande wa pili nao walikuwa wanaupanda mlima na mashamba yao, na muda si mrefu wangevuka mgongo wake. Alitaka tuwaombe waache ukanda mwembamba hadi kileleni, ua lipate njia. Ilibaki saini yangu tu. Nikamwambia takwimu ni nzuri, ila tuongeze mwaka mmoja. Mwaka uliofuata nikasema hivyo hivyo. Nilisema hivyo mara nane, na kila mara aliitikia, "Sawa, mkuu," akapanda tena.

Mwaka jana ukanda ule ulilimwa. Mwenye shamba alimkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, kisha akamuuliza mbona hatukumwambia. Angeuruka tu, alisema, sehemu yenyewe ilikuwa mawe matupu.

Mwezi uliopita Mzee alipanda kwa mara ya mwisho. Alilitafuta ua siku mbili. Aliporudi alikifuta kigingi udongo, akakiweka mezani kwangu pamoja na daftari, akaniuliza kama nimeshakula. Heri angenigombeza. Daftari halina mwaka uliorukwa hata mmoja. Takwimu zimekamilika.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa vichekesho, na kwa subira ambayo sikuistahili. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma, na asubuhi ndefu za usingizi mpaka Shemeji achoke kukuamsha. Barua yako nimeisaini leo. Nimeitia ndani ya bahasha ya zawadi yako, maana sikujua tena pa kuipeleka.