Nilichafuliwa Paredini, Nisafishwe Paredini

Ndugu zangu, nimeomba nafasi hii nikiwa bado na hasira, na sitaificha kwa sababu tuko kanisani. Mungu ananijua.

Mwaka 2013 nilikuwa natengeneza tovuti hapa Kasulu. Shule moja ya wasichana ikaniita. Niliwawekea mfumo ambao mwalimu anaingia mwenyewe, anabandika tangazo au picha, bila kunisubiri mimi. Nikamwambia makamu mkuu wa shule, "Mwalimu, kila anayeingia awe na jina lake na neno lake la siri. Kitu kikiharibika, tutajua kimeanzia wapi."

Akacheka. "Binti, unatuona wezi? Tupe moja, tutumie wote."

Nikampa. Tena langu, lenye mamlaka yote. Hilo ni kosa langu, nalikiri mbele yenu: niliogopa kuonekana mjuaji.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, wazazi walifungua tovuti ya shule wakakuta picha za uchi na matangazo ya kamari. Nikaitwa. Nilidhani naitwa kurekebisha. Kumbe nilisimamishwa paredini, shule nzima inanitazama, na makamu akasema, "Mwangalieni huyu. Ametuuza."

Hakuna aliyeniuliza swali hata moja! Na ninyi, ndugu zangu, nawaambia usoni: Jumapili ile nilikaa benchi zima peke yangu. Kwenye kwaya mlinitoa kwa minong'ono tu.

Nikafunga chumba changu cha kazi, nikaenda Kibondo kwa shangazi, nikapalilia maharage. Msimu mzima sikugusa kompyuta. Siku moja shambani shangazi akasimamisha jembe.

"Zile picha uliziweka wewe?"

"Hapana, shangazi."

"Hiyo hapana ulimwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu.

"Basi nenda ukaseme."

Nikarudi. Nikawaandikia wanaotuhifadhia tovuti, huko Dar, na kijana mmoja wa huko akanitumia kumbukumbu za walioingia. Mtu alikuwa ametumia lile neno letu moja, kwenye mtandao wa ofisi ya shule, akapakia mapambo ya bure aliyoyaokota huko mitandaoni. Ndani yake wezi walikuwa wamejiachia mlango, ndimo walimopitishia zile picha. Na siku hiyo mimi nilikuwa Kabanga, hospitalini, namuuguza mama!

Nikampelekea mkuu wa shule zile karatasi. Akasoma, akamwita makamu. Makamu akatazama sakafu. "Nilitaka ipendeze tu."

Mkuu akanigeukia. "Basi, binti, yaishe."

Yaishe? Nikamwambia, "Mama, nilichafuliwa paredini. Nisafishwe paredini."

Alizikunja zile karatasi bila kuniahidi kitu. Lakini Jumatatu makamu alisimama palepale, akasema kosa lilikuwa lake. Alisema kwa sauti ndogo, ila wasichana walisikia, na mimi nililia mbele yao bila aibu.

Namshukuru shangazi yangu. Namshukuru yule kijana wa Dar aliyemjibu mtu asiyemjua. Siku hizi kila ninayemfanyia kazi anapata neno lake la siri. Akikataa, nafunga begi langu naondoka.

Na ninyi, ukisikia mwenzako anatuhumiwa, mwulize kwanza yeye mwenyewe. Mimi swali hilo nililifuata mpaka Kibondo.