Muda Mfupi Gani?

Mchungaji, wazee wa usharika, wakwe zetu wa ukoo wa Kaaya, majirani mliopanda kutoka Njiro, Lemara na Elerai, wazee shikamooni, na wengine wote habari za majonzi. Naitwa Godwin Anaeli Nnko, mdogo wake marehemu, mimi ndiye wa mwisho na yeye ndiye wa kwanza, na familia imenituma nisimame mbele yenu hapa Poli niwasomee maisha ya dada yetu, Vaileth, mke wa Gerson Kaaya. Naomba mnivumilie, kwa kuwa dada alisimamia matangazo ya watu maisha yake yote na la kwake mwenyewe ameniachia mimi, fundi wa magari.

Vaileth alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika kijiji cha Akheri, mtoto wa mzee Anaeli Nnko, mkulima wa kahawa na mwimbaji wa kwaya, na mama Anyesi, na alibatizwa mwaka huohuo. Tangu anajifunza kusema alikuwa mtoto wa maswali, kwa nini mfereji unapita juu ya shamba letu na hauingii, kwa nini mchungaji anakula kwanza, kwa nini ndizi za pombe ya mbege hazipikwi na nyama, na baba alikuwa akimwambia kwamba atakuja kuolewa na mtu kiziwi ili ndoa idumu. Shemeji Gerson, naomba unisamehe, hayo ni maneno ya mkweo.

Alianza shule ya msingi hapo Akheri mwaka 1980, na mwezi Juni 1983, dada akiwa na miaka kumi na mmoja, mama yetu Anyesi alifariki. Mimi nilikuwa na miaka sita, siku ya mazishi nimekaa kwenye mkeka karibu na dada, na msomaji wa siku ile alisimama kama nilivyosimama mimi sasa, akasoma vizuri kabisa, mpaka akafika pale pa kusema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Dada yangu, ambaye alikuwa amefua nguo za mama na vitambaa vya kidonda chake kwa zaidi ya mwaka mzima, alinyanyua kichwa akauliza kwa sauti, "Muda mfupi gani?" Shangazi Nashilu akamfinya paja, watu wakainama, msomaji akaendelea na shukrani. Nimefikiri sana juu ya siku ile, na naona kama kila kazi aliyoifanya baadaye ilianzia kwenye lile swali ambalo hakujibiwa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1986, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha sita mwaka 1993, akachukua stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam mwaka 1996, na baadaye, tayari akiwa mama wa mtoto mmoja, shahada ya uhusiano wa umma mkoani Mwanza, aliyoihitimu mwaka 2006. Aliajiriwa kwanza na kampuni ya utalii hapa Arusha kama afisa habari, akapanda mpaka kuwa meneja wa uhusiano, na mwaka 2009 akafungua ofisi yake mwenyewe ya ushauri wa mawasiliano, iliyoanzia kwenye chumba kimoja Elerai, na leo ina wafanyakazi ambao wengi wao wamevaa fulana zile nyeupe pale nyuma.

Wengi mnajiuliza afisa uhusiano anafanya kazi gani hasa, hata mimi nilidhani ni kupamba mambo, mpaka siku ile hoteli moja ya wateja wake ilipoungua jiko, na wakubwa wakataka atangaze kwamba kumetokea hitilafu ndogo. Aliwaambia, "Mkiandika hitilafu ndogo, watu watauliza kubwa yenu inakuwaje," akaandika kwamba jiko limeungua, wageni wote ni wazima, na chakula cha jioni kitatoka kwa jirani, na hakuna mgeni hata mmoja aliyehama. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, akiuliza kwanza kitu chenyewe ni nini, kisha akikitaja kwa jina lake.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa takatifu na Gerson Kaaya, mwalimu, ambaye si kiziwi, nathibitisha, na wakajenga Njiro. Mungu akawajalia watoto wawili, Penina, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 2001, na Solomoni, aliyezaliwa mwaka 2007. Wana Njiro walimchagua kuwa mwenyekiti wa mtaa mwishoni mwa mwaka 2014, akatumikia miaka mitano, na wanaomkumbuka wanajua kwamba mvua ya kwanza ilimkuta barabarani na mwavuli, akifuata maji ya mtaro nyumba kwa nyumba, anagonga mageti ya watu kuuliza yanaelekea wapi.

Kwa uenyekiti huo, na kwa sauti yake, familia nyingi zilimwomba asome historia za marehemu wao, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba aambiwe marehemu aliugua nini. Sukari, presha, ini, alitaja. Kuna nyumba moja kule Lemara waliomkasirikia wakatafuta msomaji mwingine, akakaa nyuma kwenye viti vya plastiki akalia pamoja nao, kisha akabaki kuosha vyombo.

Sasa nafika pale ambapo msomaji wa mwaka 1983 alifika.

Mwezi Februari 2023 dada alihisi uvimbe, akaenda hospitali, na daktari akamuuliza kama kuna mtu katika familia yetu aliyewahi kuugua saratani ya titi. Akajibu hapana, kwa moyo safi kabisa. Lakini mnamjua, lile swali halikumwacha alale, na wiki ileile akapanda Akheri kwa shangazi Nashilu, akaketi naye jikoni, akamuuliza kidonda cha mama kilikuwa wapi. Shangazi akaweka mkono kifuani pake, akasema, "Hapa. Na bibi yako mzaa mama naye, hapahapa. Tulikatazwa kusema." Shangazi yupo pale mbele, ameniruhusu nilisome hili, na hana kosa, alikuwa binti aliyetii wakubwa wake. Kesho yake dada alirudi kwa daktari na kumwambia amekuja kurekebisha taarifa.

Alipasuliwa, akapewa dawa zile kali, akapata nafuu mwaka mmoja, ugonjwa ukarudi. Na hapa pana jambo ambalo bado nalishangaa, kwamba yeye aliyewabana wengine waseme, wa kwake aliuficha, mkaona vilemba vyake mkasifia mitindo. Nilimuuliza. Akacheka, akasema, "Godi, nikisema sasa watakuja na matunda, watanitazama kichwa, wataenda nyumbani. Siku ya msiba watu wamekaa, simu wamezima, hawana pa kwenda. Hilo ndilo tangazo langu, usiliharibu." Sijui kama hilo lilikuwa jibu lote. Nadhani aliogopa pia, kama ambavyo mtu yeyote angeogopa, na nampenda zaidi kwa hilo.

Vaileth alifariki nyumbani Njiro, asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, Gerson akiwa amemshika mkono.

Juzi wazee wa ukoo walipokaa kupitisha maandishi haya, mzee wetu Ebenezer Kaaya alisema kwamba titi halitajwi mbele ya wakwe, tuandike aliugua kwa muda mfupi kama kawaida. Mzee hakukosea, hiyo ndiyo heshima tuliyokuzwa nayo, na mimi nilikuwa tayari kuandika hivyo, maana mtu hagombani na wakwe maiti ikiwa ndani. Ndipo Penina, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini, akapiga magoti mbele yake, akasema, "Shikamoo babu. Na mimi daktari akiniuliza kama kuna mtu kwenye familia aliyeugua, nimjibu nini?" Mzee akatazama chai yake mpaka ikapoa. Kisha akaniambia, "Soma. Ila usome polepole, na wa nyuma wasikie."

Nasoma polepole. Dada yangu Vaileth aliugua saratani ya titi kwa miaka miwili na miezi mitatu. Mama yetu Anyesi aliugua saratani ya titi. Bibi yetu pia, na hakuna aliyetuambia. Penina amekwishaanza kupimwa, na wapwa zetu wote watapimwa. Mama, dada, binti uliyeketi hapa, nenda nyumbani ukamuulize mama yako, na kama mama hayupo, muulize shangazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Arusha na Moshi, majirani wa Njiro waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, kwaya, na wewe mzee Ebenezer.

Dada, swali lako limechelewa kujibiwa. Haukuwa muda mfupi, na nimesema mpaka wa nyuma wamesikia. Sasa pumzika kwa amani.