Mkono Unaanzia Begani

Tarehe 30 Aprili 2018, Bi Mwanakhamis Hamdun anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya ukalimani: ishirini na sita hapa hospitalini kwetu Sharafiya, Jidda, na mitano katika tawi letu la Riyadh. Kwa tunavyomjua, tarehe 1 Mei atarudi kukagua tumeharibu nini.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Jidda akiwa mchanga mwaka 1964. Kiswahili alifunzwa na mama yake, na hana mzaha nacho. Katika daftari lake la maneno ya mwili, “mkono” peke yake umekula kurasa nne: mkono wa shati, mkono wa ndizi, mkono wa birika, yaani bahili (hapo aliandika jina la mhasibu wetu). Wabukusu husema kumukhono, Waganda omukono. Neno hilo, Bi Mwanakhamis husema, ni kongwe kuliko mipaka yetu yote.

Ukurasa wa nne una historia yake. Mwaka 2015, kule Riyadh, aliletwa Metrine, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Bungoma, aliyeanguka kwenye ngazi akifuta madirisha. Alilalamika kuwa mkono unamuuma. Bi Mwanakhamis akafasiri kwa neno la Kiarabu ambalo daktari alilielewa kuwa kiganja. Kiganja kikapigwa picha, kikaonekana kizima. Madam, mwajiri wake, akasema, “Halas, mafi shida,” yaani basi, hakuna shida, akitaka msichana arudi kuosha mazulia.

Metrine alipovaa abaya kwa mkono mmoja, Bi Mwanakhamis alishtuka. Akamwambia aguse panapouma. Akagusa juu ya kiwiko.

Mkono wa Mswahili huanzia begani. Bi Mwanakhamis alilijua hilo tangu utotoni, na bado alikosea. Alisimama mlangoni akatangaza mbele ya wote kwamba kosa ni lake, na hatoki mtu mpaka ipigwe picha nyingine. Msimamizi akamtishia barua ya onyo. Bi Mwanakhamis akamwomba aiandike kwa hati nzuri.

Picha ya pili ilionyesha mfupa umevunjika. Metrine akafungwa plasta, akapumzika wiki sita. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wetu hugusa kwanza, ndipo aseme. Barua ya onyo ilikuja kweli, naye akaigundisha ukurasa wa nne.

Jana Metrine alitutumia video kutoka Bungoma: anamrusha mwanawe juu na kumdaka, kwa mikono yote miwili.

Ahsante, Bi Mwanakhamis. Pumzika kwa afya na furaha. Tunakupa mkono wa kwaheri, wote, kuanzia begani.