Sponji ya Mashine ya Oksijeni

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu wa jumuiya, poleni na shamba. Nimeombwa niseme mwanangu alivyopona. Naomba nianze na kosa langu.

Alikuwa na miezi minane nimonia ilipomkamata. Tulitoka hapa Masieda kwa pikipiki, nimemfunga kifuani, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi. Kituo cha afya kilikuwa na mashine ya oksijeni ya majaribio. Wahandisi walitaka kuona kama itastahimili vumbi letu. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, oksijeni inamfikia mtoto kwa mrija wa puani. Walinieleza, nikakubali.

Siku ya tatu nesi akasema wahandisi wanakuja kuikagua. Ndugu zangu, mnatujua wanawake wa huku: mgeni akute uchafu? Nyuma ya mashine kulikuwa na sponji imejaa vumbi. Nesi alipotoka nikaichomoa, nikaiosha kwa sabuni, nikairudisha imelowa. Nikajiona mtu wa maana kweli.

Haukupita muda, mashine ikaanza kulia. Mtoto akaanza kulia, midomo yake ikabadilika rangi. Nesi akaja mbio, akakagua mrija. Fundi aliyekuja na wale wahandisi akaingia, hata hakusalimia, akaanza kushika nyaya. Na mimi? Kimya! Niliogopa watasema nimeharibu mashine ya watu, watufukuze. Nawaambia ukweli, dakika ile niliwaogopa watu kuliko kifo cha mwanangu.

Mtoto akaacha kulia. Ndipo nikapiga kelele: "Nimeiosha! Ile sponji ya nyuma, nimeiosha!"

Fundi akaichomoa, maji yakadondoka. Akaweka nyingine kavu.

"Mama, ikilowa hewa haipiti," akasema. "Afadhali umesema."

Mashine ikanyamaza. Nikabaki nahesabu pumzi za mtoto, moja moja.

Baadaye fundi akaniomba nimwonyeshe nilivyofanya, akaandika yote. "Kule maabara hatukuwaza kwamba mtu ataisafisha kwa ajili yetu," akasema. Siku hizi mashine ina mfuniko nyuma, na anayeufungua ni nesi tu.

Namshukuru nesi, namshukuru fundi, na nyie mliochunga mbuzi wangu. Ukikosea mbele ya mgonjwa, sema hapo hapo. Watakugombeza, basi.

Mwanangu huyu hapa mgongoni, amelala. Akikua itabidi nimwambie nilinyamaza. Niombeeni, maana hata hilo naliogopa.