Ubavu wa Kushoto

ADELFINA: Haloo? Nani mwenzangu?

NIRAGIRA: Hodi huko Ntobeye.

ADELFINA: Simu haipigiwi hodi. Sema jina.

NIRAGIRA: Unalijua.

ADELFINA: Namba hii siijui. Na simu yenyewe si yangu, ni ya Mwalimu Audax, kaniazima mpaka saa kumi. Akiniuliza nimeongea na nani, nimwambie na mtu asiye na jina?

NIRAGIRA: Mwambie Niragira. Yule Mrundi wa baiskeli. Niko Biharamulo, kwenye kibanda cha simu karibu na stendi.

ADELFINA: Ahaa. Huyo namfahamu kidogo. Habari za huko?

NIRAGIRA: Nzuri tu. Nyumbani hawajambo?

ADELFINA: Hawajambo. Mama yuko shambani. Baba yuko hapa chini, anatia mpini kwenye jembe.

NIRAGIRA: Hapa chini wapi?

ADELFINA: Chini yangu. Mimi niko juu ya kichuguu cha nyuma ya nyumba. Mtandao wetu unapatikana hapa tu, na nikigeuka hivi— [mkwaruzo] —umesikia? Nimegeuka kidogo tu.

NIRAGIRA: Basi usigeuke.

ADELFINA: Sigeuki. Nimetazama huko kwenu Burundi, ndiko inakoshika vizuri.

NIRAGIRA: Mzee anatusikia?

ADELFINA: Anasema hasikii. Lakini mpini ni huohuo tangu asubuhi.

NIRAGIRA: Mpe shikamoo yangu.

ADELFINA: Baba, Niragira anakupa shikamoo... Amesema marahaba. Na amesema maharage uliyompandia yameota vizuri.

NIRAGIRA: Maharage. Kila siku maharage.

ADELFINA: Ulitaka akusifie nini, uimbaji?

NIRAGIRA: Mwaka wa nne huu natoka kambini kwenda kumlimia baba yako, Mzee Desderius. Nimempandia maharage, nimempandia mahindi, nimerudi kwenye maharage. Mche wa kahawa hata kunishikisha hajanishikisha.

ADELFINA: Kahawa inakaa miaka mitatu ndipo izae. Unajua anavyosema.

NIRAGIRA: Najua. Kahawa hupandwa na mtu atakayekuwepo ikizaa.

ADELFINA: Umeikariri vizuri. Haya, usinune, dereva. Leta habari. Mtihani umeisha?

NIRAGIRA: Umeisha.

ADELFINA: Ikawaje?

NIRAGIRA: Kwanza, umekula?

ADELFINA: Niragira.

NIRAGIRA: Nauliza tu.

ADELFINA: Mtu aliyepata leseni haulizi watu kama wamekula.

NIRAGIRA: Acha nianzie mwanzo. Ukinirukisha nitasahau.

ADELFINA: Anzia unapotaka, dakika ni zako.

NIRAGIRA: Tuliondoka alfajiri na Mzee Leonidasi, na ile pikapu ya masista. Yeye ndiye aliyeendesha kuja huku.

ADELFINA: Na mmefika wazima? Anaiona barabara kweli?

NIRAGIRA: Tulipofika Nyakahura alisimama, akavua kofia, akasubiri mbuzi avuke.

ADELFINA: Kofia ya nini?

NIRAGIRA: Alidhani ni paroko.

ADELFINA: [anacheka] Yesu wangu. Ndiyo maana masista wanatafuta dereva mwingine.

NIRAGIRA: Ndiyo maana wananitafuta mimi. Sista Eustakia alinikumbusha tena jana: nilete leseni ya Tanzania mkononi mwake, na yeye ataniombea kibali cha kazi pale zahanati. Ile leseni yangu ya Burundi aliitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

ADELFINA: Ile yenye picha ya mtoto wa shule?

NIRAGIRA: Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Na lori la kahawa nililiendesha Muyinga mwaka mzima kabla hatujakimbia, usinidharau.

ADELFINA: Sidharau. Nasema tu masikio yalikuwa makubwa. Haya, mkafika.

NIRAGIRA: Tukafika. Mkaguzi ni mtu mnene, mpole, anakula karanga. Alianza na maswali ya mdomo. Alama zote za barabarani, kona kali, daraja jembamba, kivuko cha wanyama. Sikukosa hata moja. Akawaambia wenzake huyu mkimbizi amezimeza. Kisha tukaingia ndani ya gari.

ADELFINA: Ukafanya ishara ya msalaba.

NIRAGIRA: Umejuaje?

ADELFINA: Unafanya ishara ya msalaba hata ukipanda baiskeli.

NIRAGIRA: Nikafanya. Nikawasha. Nikaenda kuingiza gia, nikafungua dirisha.

ADELFINA: Dirisha?

NIRAGIRA: Kwetu usukani uko kushoto, gia unaitafuta kwa mkono wa kulia. Sasa huku mkono wa kulia ukienda kutafuta gia unakuta mlango. Nikashika kile kishikio cha kuzungushia kioo, nikazungusha. Mkaguzi akaniuliza kama nasikia joto.

ADELFINA: [anacheka] Ukamjibuje?

NIRAGIRA: Nikasema ndiyo, afande, kidogo.

ADELFINA: Ngoja nimwambie baba. Baba, amefungua dirisha badala ya— [mkwaruzo] —anacheka. Anajifanya anakohoa.

NIRAGIRA: Usigeuke, Fina.

ADELFINA: Sigeuki tena. Endelea. Ulikaa upande gani?

NIRAGIRA: Kushoto. Kutoka pale stendi mpaka nje ya mji, kushoto. Nikakata kona, kushoto. Nilikaza ubavu muda wote, kana kwamba umekaa nyuma yangu.

ADELFINA: Mwezi mzima nimekaa nyuma ya baiskeli yako. Kila unapohamia kulia nakufinya ubavu wa kushoto, unarudi. Watu wa Bukiriro wananitazama, mwanamke mzima anamfinya mtu barabarani. Hata jirani, Mama Bernadetha, ameniuliza umenikosea nini.

NIRAGIRA: Pamevilia damu.

ADELFINA: Ili ujue nilifundisha kwa moyo. Sasa niambie, leseni wanakupa leo au unaifuata?

NIRAGIRA: [kimya]

ADELFINA: Haloo?

NIRAGIRA: Nipo. Mwenye kibanda alikuwa ananisemesha.

ADELFINA: Alikuwa anakusemesha nini? Sikusikia mtu.

NIRAGIRA: Tulikuwa tumeshageuza kurudi mjini. Mkaguzi ameshafunika kalamu yake. Mbele yetu ikatokea vumbi. Malori, Fina.

ADELFINA: Malori gani?

NIRAGIRA: Yale meupe. Yanatoka Kahama. Nikahesabu saba. Matupu, yana mabenchi tu kule nyuma, na turubai zimekunjwa.

ADELFINA: Ya Alhamisi.

NIRAGIRA: Ya Alhamisi. Yanakuja kambini kuchukua watu kuwarudisha Burundi, kupitia mpaka wa Kobero.

ADELFINA: Ukafanyaje?

NIRAGIRA: Sijui nilifanyaje. Nilikuwa nayatazama yale mabenchi. Nilikuwa namtafuta mama atakaa benchi gani, mgongo wake ule. Na mikono ikayapisha malori kama inavyopisha kule kwetu. Ikahamia kulia.

ADELFINA: Kulia yanakokuja?

NIRAGIRA: Hukohuko.

ADELFINA: Mama yangu. Umeumia?

NIRAGIRA: Hakuna aliyeumia. Mkaguzi alishika usukani, tukaingia kwenye majani kushoto. Karanga zote chini. Malori yakapita, yote saba, yanapiga honi.

ADELFINA: Na mkaguzi?

NIRAGIRA: Alikaa kimya mpaka vumbi likatulia. Kisha akasema, bila hasira, kijana, huku si kwenu. Akanitazama usoni. Akasema amemaanisha upande wa barabara. Fina?

ADELFINA: Nipo. Natazama mbele nisigeuke.

NIRAGIRA: Sema kitu basi. Nicheke hata.

ADELFINA: Nilikosea. Nilipaswa nije nikae nyuma ya pikapu.

NIRAGIRA: Mkaguzi hakujua mahali pa kufinya.

ADELFINA: Angefinyia wapi, na mikono imejaa karanga. Kwa hiyo umeanguka.

NIRAGIRA: Nimeanguka barabarani. Mdomoni nimepita. Amesema nirudi Jumamosi ya pili kuanzia hii, nirudie kuendesha tu. Lakini cheti cha leo hakuna.

ADELFINA: Na Alhamisi ni keshokutwa.

NIRAGIRA: Najua ni lini.

ADELFINA: Najua unajua. Unakumbuka baba alisema nini ulipokuja kuchukua baiskeli?

NIRAGIRA: Nije na leseni au nije na kwaheri.

ADELFINA: Hakusema kwa ubaya.

NIRAGIRA: Alisema vizuri kabisa. Alikuwa ananikatia ndizi wakati anasema.

ADELFINA: Basi uje uage vizuri. Usipite njia ya chini kama mwizi. Mama atataka kumpa mama yako kitu cha njiani. Na ile fulana yako uliyoiacha kwenye kamba, nimeifua, nitakuwekea kwenye... [mkwaruzo]

NIRAGIRA: Fina, umegeuka.

ADELFINA: Nimegeuka kwa sababu nataka. Natazama upande mwingine kidogo, nimechoka na huko kwenu.

NIRAGIRA: Sikusikii vizuri. Rudi ulivyokuwa, kuna neno nataka ulisikie lote.

ADELFINA: Haya. Nimerudi.

NIRAGIRA: Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla sijaomba kibali cha kutoka kambini, nilipitia kwa karani wa orodha ya wanaorudi. Kadi yetu ya familia ina majina matatu, mama, dada yangu Ishimwe na mimi. Nikamwambia la tatu alikate.

ADELFINA: Jumatatu?

NIRAGIRA: Jumatatu asubuhi.

ADELFINA: Kabla ya mtihani?

NIRAGIRA: Kabla. Aliniuliza mara mbili. Akapiga mstari kwa rula.

ADELFINA: Kwa hiyo lori la Alhamisi...

NIRAGIRA: Litambeba mama na Ishimwe. Shamba letu la Muyinga linawatosha. Mimi sina benchi.

ADELFINA: Wewe mtu una akili kweli? Unafuta jina, hujui hata gia iko wapi?

NIRAGIRA: Gia sikuijua. Kushoto nilikujua.

ADELFINA: Mpaka yalipotokea malori.

NIRAGIRA: Mpaka yalipotokea malori. Jumamosi hiyo yatakuwa yameshapita.

ADELFINA: Na mama yako amesemaje?

NIRAGIRA: Hakulia, kama unafikiri alilia. Aliuona ubavu siku nabadili shati, akauliza ni nani ananifinya hivi. Nikamwambia. Akasema yeye amenifinya miaka thelathini nikae njia iliyonyooka, vidole vimechoka. Kama kuna mwingine ameanza, yeye anakabidhi.

ADELFINA: [anapenga kamasi]

NIRAGIRA: Unacheka au unalia?

ADELFINA: Mtandao.

NIRAGIRA: Mtandao unapenga kamasi?

ADELFINA: Niache. Kwa nini hukuniambia tangu Jumatatu?

NIRAGIRA: Nilitaka nikuambie nikiwa na leseni mkononi. Maneno mawili pamoja. Sasa nimebaki na moja.

ADELFINA: Na baba alikuambia mawili, leseni au kwaheri. Wewe umekuja bila hata moja la kwake.

NIRAGIRA: Ndiyo maana nimepiga simu. Mwenye kibanda ananionyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Muulize Mzee.

ADELFINA: Nimuulize nini?

NIRAGIRA: Kama anampokea mtu asiye na leseni wala kwaheri.

ADELFINA: Mimi ndiye nimuulize? Nikiwa juu ya kichuguu?

NIRAGIRA: Ungependa nani amuulize, Mzee Leonidasi? Atamuuliza mgomba.

ADELFINA: Kuna taratibu, Niragira. Mtu hutuma mshenga, anakuja amevaa koti, anakaa, anapewa pombe ya ndizi...

NIRAGIRA: Mshenga atakuja na koti lake. Leo nauliza kama lango lipo wazi tu. Dakika moja, Fina.

ADELFINA: Ngoja. Usikate.

NIRAGIRA: Sikati.

ADELFINA: Baba... Baba, Niragira hakupata leseni... Ndiyo. Aliyumba... Hapana, baba, haagi. Jina lake kwenye orodha amelifuta, tangu Jumatatu... Kabla ya mtihani, ndiyo... Mama yake anajua... Anauliza kama... Si unasikia mwenyewe anachouliza, tangu saa ile unasikia.

NIRAGIRA: Anasemaje?

ADELFINA: Hajasema. Ameuinua mpini, anaukagua kama umenyooka.

NIRAGIRA: Na sasa?

ADELFINA: Anaugonga chini.

NIRAGIRA: Mwenye kibanda ananionyesha kidole kimoja, Fina. Kimekunjwa nusu.

ADELFINA: Subiri. Ameinuka. Anakwenda kule kwenye kitalu, chini ya kivuli. Anahesabu miche... Baba, sema basi, dakika zake zinakwisha... Niragira?

NIRAGIRA: Nipo.

ADELFINA: Anasema lile jembe ni lako.

NIRAGIRA: La maharage?

ADELFINA: Nimemuuliza hivyohivyo. Anasema maharage yameshaota, mashimo ya kahawa ndiyo hayajachimbwa, uje Ijumaa ukishawasindikiza mama na Ishimwe. Anasema pia— haloo? Niragira, umesikia? Ya kahawa. Haloo? Kaa kushoto ukija. Haloo?