Linki Iliyompeleka Kila Mtu Kwake

Benchi lilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, kati ya duka la ushonaji na meza ya kahawa. Waliokaa hapo kila alasiri walijulikana kwa kazi zao. Waya alikuwa fundi umeme. Posta alistaafu kupanga barua, lakini hakustaafu kutoa maelezo. Buli ndiye mwenye kahawa. Mwenye duka, Pindo, hakukaa benchini. Aliivuta cherehani yake hadi mlangoni, akashona huku akisikiliza. Siku hiyo hakushona. Mama yake alikuwa amelazwa, na alikuwa amewaambia madaktari kwamba haingii chumba cha upasuaji mpaka asikie sauti ya kitinda mimba wake. Kitinda mwenyewe aliondoka nyumbani zamani, na namba yake ya simu ilishakufa. Ndiyo maana mtoto wa dada yake Pindo, mtengeneza programu ambaye kijiwe kilimbatiza Kibodi, alikuwa amekaa katikati ya benchi, laptopu mapajani, jasho puani, akihangaika na linki ya ukurasa aliotengeneza wa kumtafuta.

— Haifunguki, alisema Waya. Nimemtumia shemeji, nimetuma kwenye kundi la mafundi. Wote neno moja: ukurasa haupo.

— Upo, kaka. Huu hapa. Si unauona?

Kibodi aligeuza kioo. Kitinda alikuwa pale, amesimama mbele ya duka la ushonaji, mikono mifukoni, anacheka. Chini yake jina lake, maneno ya Pindo kwamba mama anaumwa na anamsubiri, na kitufe cha kijani kilichoandikwa Shea.

— Kwako upo, kwa watu haupo, alisema Posta. Huo ni ukurasa au ni mzimu?

— Mimi nasema ni joto, alisema Waya. Waya ikipata joto inatanuka. Ikitanuka, njia inakuwa ndefu. Linki inachoka kabla haijafika.

— Kaka Waya, simu haina waya. Inapita hewani.

— Kwani hewa haina joto?

Posta aliweka kikombe chini, dalili kwamba zamu yake imefika.

— Kosa nimeliona mimi. Jana kijana aliifupisha hiyo linki. Nilimwona kwa macho yangu. Ilikuwa ndefu kama treni, akaikata ikabaki kama kidole. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nani atafungua kitu cha mwongo?

— Mzee Posta, niliifupisha ipendeze tu. Leo nimerudisha ile ndefu.

— Basi imenuna.

— Nyote hamjui, alisema Buli, akipangusa birika. Chini ya bahari kuna nyaya nene kama paja. Kila unachobonyeza kinazama kwanza, kinaenda nchi ambayo saa hizi ni usiku. Huko kuna mtu wa kugonga muhuri. Sasa hivi kalala.

— Mtu mmoja?

— Mmoja.

— Kwa dunia nzima?

— Ndiyo maana kachoka.

Waya alisimama. Alikuwa amepata jambo kubwa zaidi.

— Jamani, shida ni sisi. Tunabonyeza mmoja mmoja, kama watu wasiopendana. Kidole kimoja hakivunji chawa! Toeni simu, tubonyeze kwa pamoja.

Walitoa. Hata Pindo alitoa yake. Waya akahesabu kwa sauti ya mtu anayewasha jenereta, wakabonyeza. Kila mmoja akaangalia kiganja chake. Kisha simu zote zikajibu sawasawa: ukurasa haupatikani.

— Angalau zimeelewana, alisema Posta.

Pindo hakucheka.

— Kibodi mwanangu, nesi amepiga tena. Daktari anataka jibu kesho asubuhi. Mama anasema yeye hana haraka, wamwache amsubiri mtoto wake.

Buli aliacha kupangusa.

— Isome anwani, alisema Posta.

— Nimeshaisoma, mzee.

— Umeiangalia. Isome kwa sauti. Sisi barua ikirudi hatukuwa tunapiga kelele. Mmoja anasoma anwani, mwingine anasikiliza.

— Halafu?

— Halafu tunaitupa pipani. Lakini tumeisoma.

Kibodi alianza kuisoma ili tu mzee anyamaze. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kipande kwa kipande, kidole kikiwa kwenye kioo. Hakufika mbali. Kwenye neno la kwanza kabisa alijishika kichwa.

— Mungu wangu. Mama mdogo, nimefanya mambo ya kitoto.

— Sema.

— Wakati naitengeneza hii programu, naijaribia humuhumu ndani ya mashine yangu. Sasa, kila kompyuta na kila simu ina jina inalojiita yenyewe. Ni kama kusema "hapa kwangu". Jina hilo ni moja, dunia nzima. Nilipoweka kitufe cha Shea, nikasahau, kikabeba ile anwani ya kujaribia. Kwangu inafunguka, kwa sababu hapa kwangu ndipo ukurasa ulipo.

— Na kwa shemeji yangu? aliuliza Waya.

— Shemeji yako akibonyeza, simu yake inasoma "hapa kwangu". Inaingia ndani yake yenyewe kumtafuta mjomba.

— Ndani ya simu ya shemeji?

— Ndani ya simu ya shemeji. Haimkuti.

Buli alikuwa anamimina. Kikombe kilijaa, kikafurika, hakuona.

— Ngoja, alisema Waya taratibu. Kundi lote lile la mafundi. Kila mmoja amejipekua mwenyewe?

— Kila mmoja.

— Juzi nilibonyeza nikiwa juu ya nguzo.

— Basi ulijipekua juu ya nguzo, alisema Posta, lakini hata yeye hakucheka vizuri.

Pindo aliishika simu yake kwa mikono miwili. Tangu juzi watu wa mji mzima walikuwa wakimtafuta mdogo wake, watu asiowajua, na kila mmoja alimtafuta ndani ya kiganja chake mwenyewe. Hakujua kama anataka kulia au kumshukuru mtu.

— Inatengenezeka?

— Inatengenezeka, mama mdogo. Naitoa "hapa kwangu", naweka anwani ya kweli, ya seva, ile kompyuta inayowafungulia watu wote.

— Seva iko wapi? aliuliza Buli.

— Mahali hasa sijui. Mbali.

— Chini ya bahari! alisema Buli, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia.

Kibodi aliandika, akafuta, akaandika tena. Akapandisha kazi yake, akabonyeza Shea. Simu ya Waya ikalia. Waya akagusa, na ukurasa ukafunguka mkononi mwake, picha na maneno yote. Aliinua simu juu kama mtu aliyeokota mtoto. Lakini Pindo alikuwa anaangalia ujumbe wenyewe kundini. Palipotakiwa kuwa na picha palikuwa na kisanduku cha kijivu.

— Uso wake uko wapi? Watu watafungua kisanduku?

— Nimeona. Linki ikiwekwa, mtandao hutuma kwanza mjumbe wake. Si mtu, ni mashine. Inakuja kuchungulia ukurasa kabla ya watu, inachukua picha, inairudisha kundini. Na hiyo picha ya kuchukuliwa na mjumbe nayo niliiandikia "hapa kwangu".

— Kwa hiyo mjumbe naye...

— Amejipekua, hakuona kitu, akarudi na kisanduku.

Posta alivua miwani.

— Mashine inabisha hodi?

— Kabla ya mtu yeyote, mzee.

— Ina adabu kuliko wajukuu zangu.

Kibodi alirekebisha anwani ya picha hiyo, akamwita mjumbe aje achungulie upya. Walisogea wote, vichwa vikagusana juu ya simu ya Pindo. Kisanduku kilibaki kijivu. Kisha, bila sauti yoyote, Kitinda akatokea, mikono mifukoni, anacheka. Buli, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, aliufunika mdomo wake kwa kitambaa cha birika.

Wakaanza kutuma. Pembeni ya laptopu kulikuwa na namba ya waliofungua, na namba hiyo ikaanza kutembea. Kibodi aliwaonyesha miji: huyu yuko huku, huyu yuko kule, huyu amevuka mpaka.

— Amevuka mpaka? alisema Posta. Barua ya kwenda huko nilikuwa naiaga kama msafiri. Na huyu amefungua kabla kahawa yangu haijapoa.

— Angalia, amempa mwingine. Na huyo amempa mwingine.

— Wanamjua? aliuliza Pindo.

— Hawamjui.

— Sasa kwa nini wanampitisha?

— Wanampitisha tu, mama mdogo.

Pindo alirudi kwenye kiti chake.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja, aproni yake imejaa unga, simu mkononi. Alipiga hodi, akakaribishwa kahawa, akakataa.

— Namtafuta mwenye ukurasa wa huyu, alisema, akawaonyesha kioo. Kitinda alikuwa pale, anacheka.

Benchi lililipuka.

— Imefika hata kwako! alisema Waya. Unajua ilikuwa inajipekua?

— Imepita chini ya bahari, mama, alisema Buli.

— Mjumbe alibisha hodi kwanza, alisema Posta. Mwambie, kijana, mwambie habari za mjumbe.

Kibodi alimwambia. Mwanamke alisikiliza yote kwa upole, akasubiri wamalize.

— Hongereni. Mimi nina swali moja tu. Mtu akiwa anamfahamu, apige namba gani?

Kibodi aliigeukia laptopu, akaupitia ukurasa kutoka juu mpaka chini. Jina lilikuwepo. Maneno yalikuwepo. Kitufe cha kijani kilikuwepo. Posta alimwangalia Waya. Waya aliiangalia nguzo ya umeme.

— Hakuna namba, alisema mwanamke. Nimetafuta mpaka macho yameuma. Huyu tunaoka naye mikate, na nilitaka kupiga kabla zamu yake haijaisha. Basi nikaona kibao cha duka nyuma ya picha, nikasema mtaa huu si naujua? Ndiyo maana nimekuja kwa miguu.

Pindo alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake.