Kitambaa Kilicholegea Shingoni

Benchi letu liko kati ya mlango wa kinyozi na cherehani ya baba mkwe wangu. Mimi huuza kahawa hapo, nami husikiliza kuliko ninavyosema. Asubuhi ile baba mkwe, ambaye wote humwita Fundi, alikuwa amempakata mwanangu. Kando yake alikaa mzee tunayemwita Redio, kwa sababu habari zote humfikia yeye kwanza. Kinyozi hakuwa na mteja. Alisimama mlangoni pake akipangusa mkasi. Redio alikuwa amesikia habari za mtafiti mmoja, mwanamama anayechunguza jinsi seli za mwili zinavyojigawa, na habari hizo zilikuwa hazijamwacha alale.

— Mwili wako wote ni seli, Fundi. Vijumba vidogo, macho hayavioni. Kimoja kinajigawa, vinakuwa viwili. Hapo ulipokaa vinajigawa.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi.

— Mbele za watu?

— Na ngozi uliyokuwa nayo mwaka jana umeshaiacha njiani.

— Lo! Kumbe mke wangu ana haki akisema mimi si yule aliyemwoa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia tu. Kunywa kahawa. Sasa sikia balaa. Kabla ya kujigawa, seli hunakili maagizo yake yote. Ikikosea, mara nyingi hujirekebisha, au hujifia. Lakini kuna inayokosea na kuendelea, inajigawa tu, kama gari lisilo na breki. Saratani huanzia huko. Huyo mama anaitafuta breki.

— Hilo nalijua! Ukikata kola kwa kufuata kola ya jana, ukaacha karatasi ya kipimo, ya kumi itamtosha ng'ombe.

— Na ndiyo maana kuna mapacha. Mtu mzima kajigawa!

— Basi nikilala vizuri, kesho mtaamka na mafundi wawili.

— Ya nini? Huyu mmoja tu suruali yangu hajaimaliza.

Mwanangu alicheka kwa kuwa babu yake alicheka. Kinyozi hakucheka.

— Uvimbe wa namna hiyo, Redio, unauma?

— Huyo mama anasema mara nyingine hauumi hata kidogo. Lakini si kila uvimbe ni saratani. Daktari ndiye wa kusema.

Mkasi ukamponyoka kinyozi, ukalia sakafuni.

— Kuna nini? aliuliza Fundi.

— Hakuna.

— Wewe mkasi haujawahi kukuponyoka.

— Nimesema hakuna. Ninachokiona kichwani mwa mtu kinabaki kwenye kiti. Ndivyo nilivyofundishwa kazi.

Redio akajishika kisogo kwa mikono miwili.

— Mimi! Nina nini? Sema! Kumbe ni wembe wako! Muhogo ukiukata vipande, kila kipande kinaota. Kila Ijumaa unatupanda kama mihogo!

— Si wewe, Redio.

Benchini walikuwa wawili tu. Kahawa niliyokuwa nikiimimina ikamwagika nje ya kikombe.

Fundi akasema taratibu:

— Ndiyo maana. Siku hizi kile kitambaa unachonifungia kimelegea shingoni. Nikadhani mkono wako umezeeka. Kitambaa kinachokwepa kitu, mimi fundi ningepaswa kukijua.

— Nyuma ya sikio, kaka, chini kidogo. Ulikuwa kama punje ya kunde.

— Ulikuwa?

Kinyozi aliinama kuokota mkasi, akakaa muda kuutafuta, na mkasi ulikuwa miguuni pake.

— Ni mto! alisema Redio haraka haraka. Unalalia mto mgumu. Au ni hiyo miwani yako, ule mkono wake unakubana. Au ule mtetemo wa cherehani umepanda kichwani! Usihofu, ndugu yangu, haba na haba hujaza kibaba, kesho utakuta umenywea.

— Methali hiyo inajaza, Redio. Haipunguzi.

Fundi hakujigusa. Mikono yote miwili ilikuwa imemshika mjukuu wake.

Hapo akafika mama mmoja na sketi ya kupunguza. Akatusalimu, akaona nyuso zetu, akauliza kulikoni. Wakamweleza kwa pamoja: seli, breki, mihogo, miwani. Alisikiliza, sketi ikiwa begani. Kisha akazunguka nyuma ya benchi, akamtazama Fundi nyuma ya sikio, akatutazama na sisi.

— Sasa mbona mmekaa?

Redio aliinuka. Kinyozi aliuweka chini mkasi wake.

— Baba, nipe mtoto, nilisema.

Fundi akanipa, polepole, kama mtu anayekabidhi nguo ambayo bado ina pini. Kinyozi alivua aproni, akafunga mlango wake asubuhi ile ile, akamshika Fundi mkono, wakashika njia ya hospitali. Redio akawafuata nyuma.

Birika lilikuwa bado na nusu ya kahawa. Nikazima jiko.